Benchi la Nje ya Kanisa

Kanisani kwetu kila mtu alijua nikiwa mwezini, na jambo hilo lilinikera tangu nilipovunja ungo hadi siku nilipoondoka Nairobi.

Lilikuwa kanisa la watu wa magharibi mwa Kenya, la ngoma na kanzu nyeupe, limejengwa kwa mabati kule Huruma nyuma ya maghorofa. Mimi, mtoto wa mwisho, na mama tulikaa Jericho, chumba kimoja tulichopanga ndani ya nyumba ya kaunsili. Jumapili tulikwenda kwa miguu, msafara mzima, bendera mbele, ngoma katikati, kanzu zimepigwa pasi hadi zinakwaruza shingo. Mwanamke aliyekuwa mwezini hakuvaa kanzu. Alivaa nguo ya kawaida, akafuata nyuma, na alipofika hakupita mlangoni. Kulikuwa na benchi nje, limesukumwa ukutani, na hapo ndipo alipokaa hadi ibada ikaisha, akisikiliza mahubiri kupitia mabati. Siku zake zikikwisha alisimama mlangoni, akanyunyiziwa maji, akaombewa, ndipo akaruhusiwa kuingia.

Basi piga picha. Una miaka kumi na tisa, ishirini, unatembea nyuma ya msafara na gauni lako la maua, na barabara nzima inajua kwa nini. Wauza njugu wanajua. Vijana waliokaa kwenye ukuta wa shule wanajua, na mmoja lazima atapiga mluzi. Mimi tena mwezi wangu ulikuwa haukosei hata kidogo. Akina mama wa kanisa walizoea kunitania kwamba mtu angeweza kupanga harambee kwa kuniangalia mimi, wala asihitaji kalenda. Nilicheka nao kwa sababu ningefanya nini? Ndani nilikuwa nikichemka.

Na aliyeshika kikombe cha maji pale mlangoni alikuwa mama yangu. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama. Kila mwezi alichovya vidole humo, akaninyunyizia usoni, akaomba kwa lugha yetu, akanipisha nipite. Hakukuwa na mtu duniani aliyezijua tarehe zangu kama yeye.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikakaa nyumbani nikimsaidia mama kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga kwenye soko la Jericho. Nilituma maombi huku na huku hadi nikakata tamaa. Halafu chuo kimoja cha uuguzi, mbali na Nairobi, kikanikubali. Mama hakuweza kunyamaza. Kila mteja aliyekuja kununua omena aliambiwa kwamba huyu unayemwona anakufungia karatasi anaenda kuwa sista, atadunga watu sindano. Walionunua na wasionunua, wote waliambiwa.

Shida ilikuwa moja. Siku ya kuripoti chuoni msichana alipimwa mkojo. Ukikutwa na mimba, ulirudi nyumbani siku hiyo hiyo, na nafasi yako ikapewa mwingine. Hilo halikuwa tishio la bure. Binti wa jirani yetu, mlango wa tatu kutoka kwetu, alirudishwa hivyo kutoka chuo kingine, sanduku lake bado limefungwa kamba kama lilivyoondoka. Mama yake aliacha kuja sokoni kwa muda mrefu, na mama yangu alipomtaja alipunguza sauti kama anayemtaja marehemu.

Sasa mimi nilikuwa na rafiki. Kijana wa Ukambani, mpole, aliyepiga msasa vinyago kwenye karakana ya mjomba wake. Twiga na vifaru, kutwa nzima, mikono yake ikinukia mbao na rangi ya viatu waliyong'arishia. Tulikuwa waangalifu. Tulitumia mipira kila mara, na kila mara mimi ndiye niliyeuliza kama ipo. Wiki chache kabla ya kuripoti, mpira ukapasuka.

"Pole, manze," akasema. "Labda haitashika."

Labda. Neno hilo nililibeba njia nzima hadi nyumbani, nikitaka kurudi nimpige nalo kichwani. Yeye chuo chake kilikuwa wapi? Nani angempima yeye mkojo?

Rafiki yangu mmoja wa shule alikuwa ameniambia zamani kuhusu nesi fulani mwenye kliniki ghorofani, karibu na Soko la Burma, ambaye alijua dawa ya dharura. Kesho yake nikaenda. Alikuwa mama mnene, mwenye haraka, foleni imejaa hadi ngazini. Nilimweleza kwa sauti ya chini, yeye akanijibu kwa sauti ya juu. Akachukua pakiti ya vidonge vya kupanga uzazi, vile vya kila siku, akakata kipande kwa mkasi.

"Vinne sasa hivi, hapa mbele yangu. Vinne vingine baada ya masaa kumi na mawili. Utasikia kichefuchefu, ni kawaida."

"Na mwezi wangu?" nikauliza.

"Utakuja."

"Lini?"

"Utakuja, wewe. Anayefuata."

Hayo ndiyo maelezo niliyopewa, yote, hakuna lililobaki. Nikameza vinne kwa maji ya kikombe cha plastiki, nikashuka ngazi. Pale Burma nyama ilikuwa inachomwa, moshi umetanda hadi barabarani, na mimi ambaye siku zote hupita pale nikimeza mate, siku hiyo nilifunga pua kwa leso nikakimbia.

Vidonge vya pili nilivimeza usiku kwa kukisia, kwa sababu nyumbani hatukuwa na saa, na redio ilikuwa imeishiwa betri. Alfajiri nikaamka tumbo linapanda. Sikufika hata mlangoni. Nilijishikilia kwenye beseni nikatapika hadi machozi yakatoka. Mama akawasha taa, akaja akanishika mgongo.

"Ni nini?"

"Nafikiri ni omena ya jana," nikasema.

"Omena yangu?" Alisimama wima. Mtu angeweza kumwambia mama kwamba kanzu yake ina doa, lakini si kwamba omena yake imeharibika. "Omena yangu watu wamekula miaka kumi na mbili hakuna aliyeumwa."

Halafu akaniangalia usoni. Akachukua beseni akaenda kulimwaga, akarudi akazima taa. Hakuuliza tena, na mimi kwa ujinga wangu nikashukuru kwamba hakuuliza.

Nikabaki nikijiuliza kama nilikuwa nimevitapika vile vidonge ama vilikuwa vimeshaingia damuni. Sikujua nilivimeza saa ngapi, sikujua vinachukua muda gani, na hakuna aliyeniambia nifanye nini nikitapika. Nilichungulia hata kwenye beseni. Haki ya Mungu, nilichungulia.

Wiki iliyofuata, siku ambazo hazikuwa zangu kabisa, nikaona damu. Kidogo, rangi ya kahawa, matone tu. Mimi nikaruka kwa furaha chooni, ndani ya kile choo cha watu wa nyumba nzima chenye mlango usiofungika. Nilijiambia mwezi umekuja, umekuja mapema, basi, imekwisha. Jumapili nikaacha kanzu msumarini, nikavaa gauni, nikafuata nyuma. Kwa mara ya kwanza maishani nilikaa kwenye lile benchi bila kinyongo.

Benchini tulikuwa watatu. Mmoja wao, mama mcheshi aliyeuza mitumba, akanisogezea nafasi.

"Mbona leo umetukosea hesabu?" akasema. "Sisi tulikuwa tunakungoja mwisho wa mwezi."

"Hata saa hupoteza majira," nikamjibu, naye akacheka. Mama alikuwa mlangoni na kikombe chake. Alinitazama, akageuka akaingia ndani.

Jumatatu damu ilikuwa imekwisha. Vitambaa viwili tu, tena havikuloa. Nikavifua, nikavianika chini ya shuka kama kawaida, na wakati ninavibana kwenye kamba ndipo akili ikanirudia. Huo haukuwa mwezi. Mwezi wangu ni wa siku tano na tumbo la kukunja. Hii ilikuwa nini? Nikarudi Burma mbio.

Nesi hakuwepo. Alikuwa ameenda kwao kwenye mazishi. Nikamkuta mtu wa maabara, kijana mwembamba mwenye koti jeupe lililomzidi, akanipa kichupa. Nikakojoa, nikangoja kwenye ngazi. Alipotoka akasema hakuna kitu.

"Hakuna mimba?"

"Haijaonekana. Lakini ni mapema mno, usitegemee hiyo. Rudi ukichelewa mwezi."

"Nikichelewa kutoka lini? Kutoka hii damu ya juzi, ama kutoka tarehe yangu ya kawaida?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza habari za bei ya petroli. "Dada, mimi napima mkojo tu."

Leo mimi ni nesi, tena nesi mzee, na nimewaeleza wasichana jambo hili hadi sauti ikakauka. Nawaambia kwamba dawa ile huchelewesha yai lisitoke, haitoi mimba iliyoshika. Nawaambia inaweza kuvuruga mwezi mmoja, matone katikati, mwezi kuja mapema ama kuchelewa, na kwamba ukichelewa zaidi ya wiki moja kutoka tarehe uliyoitegemea, njoo upimwe. Matone hayo ya katikati usiyahesabu kama mwezi. Ukitapika upesi baada ya kumeza, rudi upewe tena. Inanichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Ndiyo maana nikimkumbuka yule mama na mkasi wake bado napandwa na hasira, ingawa najua alikuwa na foleni hadi ngazini na alikuwa amenisaidia pale ambapo wengi wangenifukuza.

Tarehe yangu ikafika. Ikapita.

Mama alikuwa ameninyunyizia maji baada ya yale matone, kwa hiyo nilivaa kanzu na nikaingia ndani na wenzangu. Nilipiga makofi, niliimba, na kila mara nilipokaa nilisikiliza tumbo langu. Siku za kazi ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nikikimbilia choo kila mara kwenda kutazama, nikipima omena huku nikiwaza, nikirudisha chenji isiyo sahihi. Jirani aliyeniona nikipita na kupita akaniletea vidonge vya kuzuia kuharisha na kunishauri ninywe uji wa wimbi. Nikamshukuru. Ningemwambia nini?

Matiti yakaanza kuuma. Nikafurahi, kwa sababu huniuma mwezi ukikaribia. Halafu nikakumbuka kwamba huuma pia mtu akiwa na mimba, nikaketi kitandani nikalia kwa uchungu. Mwili huo huo, maumivu hayo hayo, na hauwezi kukuambia ni lipi. Nilitaka kuupiga makofi. Nilirudi kliniki mara nyingine, nikakuta kufuli.

Nikaenda karakana kumwambia mwenzangu. Alikuwa amekaa chini, kifaru kati ya magoti, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Si ulimeza dawa?" akasema. "Basi tulia. Unajitia wasiwasi bure."

"Na kama nimeitapika?"

"Aah, haiwezi." Akaendelea kupiga msasa. Sikuwa na nguvu ya kumuuliza alijuaje. Nilimwacha na kifaru chake, na kusema kweli huo ndio uliokuwa mwisho wetu, ingawa hakuna aliyetamka.

Nyumbani mama alikuwa amebadilika. Aliacha kuwaambia wateja habari za sista. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo wa jirani, akapiga magoti akiuelekea ukuta, akaomba kwa kunong'ona muda mrefu mno. Mimi nililala macho yamefumba nikimsikia, nikidhani ananiombea safari. Niliumia zaidi. Nilijiambia huyu mama anamsumbua Mungu kwa ajili ya chuo ambacho nitafukuzwa siku ya kwanza, nirudi na sanduku limefungwa kamba, na yeye aache kwenda sokoni. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara zote mbili alikuwa akiniangalia, na nikaomba tu chumvi, ama nikauliza kama maji yamerudi.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Jumanne nilikuwa nasafiri. Kanisa liliniandalia maombi ya kuniaga, jambo ambalo halikufanywa kwa msichana yeyote kabla yangu, na hata mchungaji mkuu alikuja. Nikapigishwa magoti katikati, juu ya mkeka, kanzu imetandazwa. Akina mama wakanizunguka wakaniwekea mikono, kichwani, mabegani. Mama yangu, kama kiongozi, aliweka mkono wake chini ya mgongo wangu, kiunoni. Nakumbuka ulikuwa wa moto. Ngoma zikapigwa taratibu, kila mtu akaomba kwa sauti yake, na mimi nikaomba pia. Ombi langu lilikuwa fupi sana, na si la kusemwa kwa sauti.

Nilianza kwa kusikia tumbo likinikunja. Nikatulia kabisa. Likanikunja tena, kule chini, kwa ile njia niliyoijua tangu utotoni. Halafu nikasikia joto, na halikuwa tone. Lilikuja lote, kama limekuwa likisubiri mlango ufunguliwe.

Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba mtu nyuma yangu alisema, "Damu," kwa sauti ya kawaida kabisa, na mikono yote ikaniachia kwa pamoja. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Kwenye kanzu nyeupe, ndani ya kanisa, mbele ya mchungaji mkuu. Hata mimi niliyekuwa nikilichukia lile benchi nilijua kwamba hakuna aibu kubwa kuliko hiyo kwetu. Mkeka ungechomwa. Kanisa lingeombewa upya, na wote walionigusa wangenyunyiziwa maji, wakiwemo wazee wa heshima.

Na mimi nilikuwa nikitabasamu. Sikuweza kujizuia. Nilijiziba uso kwa mikono, wakadhani ninalia kwa aibu, na kweli machozi yalikuwa yakinitoka, lakini nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa nguvu kuliko mtu yeyote ndani ya yale mabati. Yule mama wa mitumba alivua leso yake, akanifunga kiunoni, akanitoa nje.

"Pole, mwanangu," akanong'ona. "Kwani hukujua tarehe? Si majuzi tu ulikuwa hapa?"

Nikakaa kwenye benchi nikalia vizuri sasa, kwa sauti. Ndani nilisikia wakisogeza viti na kumwaga maji. Mama hakutoka kuja kuniona. Nilimsikia akimjibu mchungaji, "Ndiyo, baba. Ndiyo, baba," na ndipo furaha ikapungua. Nikaanza kufikiria uso wake.

Hatukurudi na msafara. Tulipita njia za nyuma, yeye mbele, mimi nyuma na leso ya watu kiunoni. Hakugeuka hata mara moja. Tulipofika chumbani akanipa kisogo nikabadilisha nguo, akachukua kanzu, akaileta kwenye beseni, akatia maji baridi na chumvi, akaanza kusugua. Nilikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, nisamehe kwa ile aibu," nikasema.

"Aibu si kitu." Hakuinua kichwa. Alisugua kidogo, kisha akasema, "Ulikuwa na mimba."

"Hapana, mama."

"Nimezaa watoto sita. Ulitapika alfajiri ukasingizia omena yangu. Halafu ukatoa vile vitambaa viwili, nikaviona kwenye kamba, mtu yeyote angejua si vya mwezi. Halafu tarehe yako ikapita. Nani anajua tarehe zako? Mimi ndiye ninayekunyunyizia maji."

Muda wote huo nililala kando yake kitanda kimoja, kila mmoja ameelekea upande wake na hofu ile ile. Kwa nini hakuuliza? Mdomo alikuwa nao. Na mimi nilikuwa na wangu.

"Niliomba," akasema. Mikono ilikuwa imesimama ndani ya maji. "Kila asubuhi. Nilimwambia Mungu aitoe. Mimi, kiongozi wa akina mama, nilimwambia aitoe kabla ya Jumanne. Sikumficha, nilimwambia hivyo hivyo. Na leo nimekuwekea mkono huu, ikatoka."

Akautoa mkono majini akautazama, una povu hadi kwenye kifundo.

"Nimemuua mjukuu wangu kanisani," akasema.

Jamani. Nilishuka kitandani nikapiga magoti kando ya beseni. Nilimwambia kila kitu, bila kuruka kitu, yule kijana, mpira uliopasuka, nesi wa Burma, vidonge vinne na vinne. Nilimwambia kwamba hakukuwa na mtoto, hakukuwa na kitu chochote, kwamba kutapika kulitokana na dawa.

"Dawa ya nini?"

"Ya kuzuia."

"Ya kuzuia nini, kama hakukuwa na kitu?"

Nilifungua mdomo. Leo ningejibu kwa sentensi mbili. Wakati ule sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho ni "utakuja, wewe" na "mimi napima mkojo tu".

"Ya kuzuia isishike," nikasema.

"Na ile damu ya kwanza ilikuwa ya nini?"

"Sijui, mama. Nafikiri ilikuwa ya dawa."

"Na hii ya leo?"

"Hii ni mwezi wangu. Umechelewa tu. Dawa ndiyo iliyouchelewesha."

Akafikiri. Nilimwona akizipanga Jumapili moja moja kichwani, benchi na kanzu, benchi na kanzu, mtu aliyeshika hesabu hiyo kwa miaka.

"Kwa hivyo ulimeza dawa," akasema polepole. "Ikaanza kuitoa ile Jumapili ya kwanza. Haikumaliza. Leo ndiyo imemaliza."

"Hapana. Mama, sikiliza—"

"Kwa hivyo si maombi yangu."

Nilianza tena kutoka mwanzo. Nilimweleza tena, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kufanana na alichokuwa amesema, hata masikioni mwangu. Nilikuwa na hasira na nesi, na yule wa maabara, na mwili wangu uliotoa damu siku zisizo zake na kuinyima siku zake, na hasira na mama kwa kuwa mtu anayejua tarehe zangu zote na asijue chochote. Nilitaka kupiga kelele nyumba nzima isikie kwamba sikufanya kitu, na yeye hakufanya kitu, hakuna mtu aliyefanya kitu.

Akanishika kidevu kwa mkono uliolowa. Macho yake yalikuwa yamevimba, na nikaona kwamba hayakuvimba leo.

"Usinizungushe," akasema. "Mimi ni mtu mzima, nataka kujua nitakavyosimama mbele ya Mungu. Ni mimi, au ni wewe?"

Niliukamata ule mkono kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa mkono ule ule uliokuwa kiunoni mwangu.

"Ni mimi, mama," nikasema.

Akapumua pumzi ndefu, akaniachia. "Mungu akusamehe, mwanangu," akasema kwa upole, kisha akaikamua kanzu na kutoka nje kuianika.